Port: neno la wavushaji na wabebaji

Wasikilizaji, barabara inayotoka katikati ya Kampala, ikapita Nakawa na kuteremka Luzira, mwisho wake ni maji. Hapo kwenye ghuba ya Murchison, kilomita kumi hivi kutoka mjini, pana kiwanda cha bia, gereza linalojulikana Uganda nzima, reli inayoingia hadi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na mitumbwi ya mbao inayopakia abiria wa visiwani. Mahali hapo panaitwa Port Bell. Mazungumzo ya leo ni ya nusu ya kwanza ya jina hilo, yaani neno "port", ambalo Waingereza hulitumia tangu alfajiri hadi usiku, na ambalo sisi wa Kiswahili tunalo vinywani kila siku pasipo kulitambua.

Tuanze hata hivyo na nusu ya pili, kwa sababu ina mtu. Hesketh Bell alifika Uganda mwaka 1906 kuwa kamishna wa serikali ya Kiingereza, na mwaka 1907 cheo chake kikapandishwa kuwa gavana. Aliondoka mwaka 1909 kwenda Nigeria ya Kaskazini. Bandari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1908. Ulikuwa mtindo wa wakati ule. Upande wa pili wa ziwa, reli kutoka Mombasa ilipofika majini mwaka 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi wa reli. Port Florence ikarudi kuitwa Kisumu baada ya muda si mrefu. Port Bell ikabaki na jina lake, na likaenea zaidi pale kiwanda cha Uganda Breweries, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilipotoa bia iitwayo Bell. Leo hii wapo maelfu wanaolitaja jina la gavana huyo wakiagiza kinywaji, na hawajapata kusikia habari zake.

Nao wangefaa kuzisikia. Miaka hiyo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiwamaliza watu wa kando ya ziwa. Waliokufa wanakisiwa kupita 200,000. Dawa haikuwapo, na ilikwisha kujulikana kwamba mbung'o wa vichaka vya ufukweni ndio waenezaji. Bell akaamua kuwatenga watu na wadudu: wakazi wa ukanda wa maili mbili kutoka majini wakahamishwa, na mwaka 1909 zamu ikafika kwa watu wa visiwa vya Ssese. Hatua hiyo ilisaidia kuukata ugonjwa, lakini iliwang'oa watu kwenye makaburi ya wazee wao, migomba yao na mitumbwi yao. Kwa hiyo bandari ya Port Bell ilifunguliwa katika miezi ile ile ambayo mialo ya wavuvi, yaani maegesho ya mitumbwi yao, ilikuwa ikifungwa. Si jambo dogo hilo, na ni haki lisemwe kila jina hili linapoelezwa.

Sasa neno lenyewe. Kiingereza kililipata "port" kutoka Kilatini, na Kilatini kilikuwa na maneno matatu ya ukoo mmoja: "portus", bandari, "porta", lango, na "portare", kubeba. Wachunguzi wa historia ya lugha huyarudisha yote matatu kwenye mzizi mmoja wa kale sana wa lugha za Ulaya na Bara Hindi, wenye maana ya kupita hadi ng'ambo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuhangaika hapa, kwa maana lugha yake ina kitenzi kinachofanya kazi karibu ile ile: kuvuka. Ukivuka mwenyewe, ni safari. Ukimvusha mwenzako, ni kazi. Pale pa kuvukia ni kivuko. Warumi nao, kutoka wazo hilo hilo la kuvuka, walipata mahali pa kuingilia meli, mahali pa kuingilia mji, na kazi ya kuchukua kitu hapa na kukifikisha kule.

Ukoo huo ni mpana. Lugha za watu wa kaskazini mwa Ulaya, ambazo Kiingereza ni mtoto wao, ziligeuza sauti ya "p" ya mzizi huo kuwa "f". Ndiyo maana mahali pa mto panapovukwa kwa miguu huitwa "ford", na chombo cha kuvushia huitwa "ferry". Hilo la mwisho tumekwisha kulifanya letu. Mkazi wa Kigamboni akisema anakwenda Feri, au mtu wa Mombasa akilalamikia foleni ya feri ya Likoni, anatumia neno ambalo ni binamu wa "port". Kuna binamu mwingine aliyefika pwani yetu zamani zaidi. Karibu miaka 2,000 iliyopita, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki kitabu cha kuongoza wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi aliutaja mji wa Rhapta, huku kwetu, kuwa soko la mwisho la pwani ya Azania. Neno alilotumia kwa soko hilo la bandarini ni "emporion", na ndani yake umo mzizi ule ule wa kuvuka.

Liko moja ambalo watu wa pwani wangelipenda kuliko yote. Warumi walikuwa na neno la kusifu upepo unaovuma kuelekea bandarini, upepo unaomfikisha nahodha aendako bila mapambano. Kutokana na neno hilo Kiingereza kikapata "opportunity", yaani fursa. Waliotunga maana hiyo walikuwa watu wa tanga. Hakuna atakayeielewa upesi kuliko mjukuu wa mabaharia wa Lamu au Unguja, ambao kwa karne nyingi walijua kwamba kaskazi ndiyo iletayo majahazi ya Arabuni na kusi ndiyo iyarudishayo, na kwamba atakayezubaa msimu ukampita atangoja hadi mwaka mwingine.

Hata taifa la kwanza la Ulaya kuja kwa mizinga katika pwani hii lilibeba neno hili katika jina lake. Portugal ni Portus Cale, bandari ya Cale, mahali penye mlango wa mto Douro. Mji ulio hapo hadi leo unaitwa Porto, na divai tamu iliyosafirishwa kutoka huko kwenda Uingereza ikaitwa "port" tu, kwa kifupi cha mji. Waswahili hawakulichukua jina hilo. Waliwaita wageni wale Wareno, kutoka neno la Kireno lenye maana ya ufalme, bila shaka kwa sababu ndilo lililokuwa midomoni mwa wageni wenyewe kila walipodai kitu kwa niaba ya mfalme wao. Waarabu nao walilitia jina la Portugal katika tunda: Mswahili aishiye Muscat au Dubai akinunua machungwa sokoni, huyaita "burtuqal" kama wenyeji.

Mtu akipanda chombo Port Bell usiku atakutana na maana nyingine kabisa ya "port". Upande wa kushoto wa chombo, ukitazama mbele, huwekwa taa nyekundu. Wa kulia taa ya kijani. Kwa mabaharia wa Kiingereza kushoto ni "port". Asili yake ni usukani. Vyombo vya kale vya kaskazini mwa Ulaya vilikuwa na kasia la usukani lililofungwa ubavu wa kulia karibu na tezi, na upande huo ukaitwa "starboard", ubavu wa kuongozea. Nahodha hakutaka usukani wake usagwe na gati, kwa hiyo alitia nanga kwa ubavu wa kushoto, na mizigo ikapita huko. Upande wa mizigo uliitwa "larboard". Fikirini amri inapigiwa kelele katikati ya dhoruba: "starboard" na "larboard" yanafanana mno, na chombo kinaweza kugongana kwa ajili ya silabi moja. Mwaka 1844 jeshi la maji la Uingereza likaamuru "larboard" liachwe, na badala yake litumike "port", ambalo baadhi ya mabaharia walikuwa wakilitumia tayari kwa upande utazamao bandari. Jeshi la maji la Marekani likafuata miaka miwili baadaye.

Manahodha wa majahazi yetu hawakuwa na shida hiyo, kwa vile walipima pande za chombo kwa upepo: goshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande wa pili. Jahazi likigeuza tanga, pande nazo hugeuka. Ni mfumo mwingine, na kwa chombo cha tanga una akili nyingi.

Tawi la tatu, la kubeba, ndilo lililozaa sana, na ndilo lililojaa katika Kiswahili cha leo. Ripoti ni habari iliyobebwa na kurudishwa. Sapoti ni kubeba kwa kushikilia kutoka chini. Spoti ilianza katika Kifaransa cha kale kama jambo la kuubeba moyo mbali na kazi, kuuburudisha. Pasipoti ni ya matawi mengine: ilikuwa ruhusa ya kupita bandarini, au langoni mwa mji. Wataalamu wanavutana kuhusu lipi kati ya hayo mawili, ila kwa msafiri wa wakati ule tofauti haikuwa kubwa, kwani kote alikuta mlinzi anayenyoosha mkono. Mtangazaji wa redio anaweza kusoma taarifa nzima ya saa mbili usiku, yenye ripoti ya bunge, sapoti ya vyama na habari za spoti, na neno "port" likapita mara kumi bila kuonekana.

Kisha yuko pota. Kwenye milima ya Kilimanjaro na Rwenzori pota ni mbebaji wa mizigo ya wapanda mlima. Kampala neno limeshuka tambarare: kwenye jengo linaloinuliwa, fundi ni fundi, na kijana anayemfikishia matofali na kupandisha karai la zege ngazi hadi ngazi anaitwa "porter". Kwa Kiganda, kibarua ni "omupakasi", na kufanya kazi ya ujira ni "okupakasa", maneno yanayohusishwa na mpagazi wa Kiswahili, mtu wa misafara ya Bagamoyo na Tabora. Historia ya kazi katika eneo hili imo humo. Kabla ya mshahara wa kiwandani au wa ofisini, ujira uliojulikana bara ulikuwa wa kubeba, mzigo wa frasila mbili kichwani au begani, kwa miezi. Hata meli za kwanza za ziwa zilipita vichwani. Meli iitwayo William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikapelekwa Mombasa katikati ya miaka ya 1890 kabla reli haijafika mbali, na vipande vyake vingi vikabebwa na wapagazi hadi ufukweni. Iliungwa tena na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Majina ya walioibeba hayakupewa bandari yoyote.

London nayo ilikuwa na wapagazi wake, wa masokoni na wa gatini, na katika karne ya 18 walipenda bia moja nyeusi, nzito, yenye kushibisha. Watu wakaiita bia ya mapota, "porter". Ile iliyokuwa kali zaidi iliitwa "stout porter", na baadaye neno la pili likadondoka ikabaki "stout". Guinness ya Dublin ilikulia katika familia hiyo, na Guinness hupikwa pia Luzira, katika kiwanda kile kile cha Port Bell. Chupa mbili zinatoka lango moja, moja ina jina la gavana na nyingine inatokana na kinywaji cha wabebaji. Kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, ya pili ndiyo inayolitendea haki zaidi neno "port".

Anayetaka kuiona kazi hiyo ikiwa bado hai aende Kasenyi, mwalo ulio karibu na Entebbe. Maji ya ufukweni hapo ni mafupi na mitumbwi mikubwa haiwezi kuegemea nchi kavu. Vijana wenye miili iliyokakamaa husimama majini hadi kiunoni. Abiria anafika na mkoba wake, wanaelewana bei, kijana anainama, abiria anampanda mabegani, naye anakata maji hadi ubavuni mwa mtumbwi na kumtua ndani akiwa mkavu. Mama mwenye mtoto hubebwa, mtoto akatangulizwa. Magunia na kreti za soda hufuata. Gati halipo, kreni haipo, ila bandari ipo, kwa sababu watu wanavushwa.

Tawi la lango tusilipite kimya, maana Uganda ina mji wake. Fort Portal, magharibi katika nchi ya Toro, ulipewa jina la Gerald Portal, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar na kuja Uganda mwaka 1893 kuchunguza kama serikali yake ikae au iondoke. Alishauri ikae, akafariki London mwanzoni mwa 1894, hajatimiza miaka 40. "Portal" ni lango kubwa, kutoka "porta". Wageni huchanganya majina haya mawili, wakadhani Port Bell na Fort Portal ni jirani, ilhali kati yake pana kilomita 300 hivi. Kutoka lango ndipo pia lilipotoka tundu la mzinga ubavuni mwa manowari, kisha dirisha la duara la meli, kisha tundu la kuchomekea waya kwenye kompyuta. Hilo la kompyuta Kiswahili cha mtaani hakikuhitaji kulikopa: watu husema tundu la chaji, wakaelewana.

Na Port Bell, je, imekuwa ikistahili jina? Kwa miaka 20 na zaidi ya mwanzo ilikuwa mlango mkuu wa Kampala. Pamba, ambayo kilimo chake kilianza kusukumwa mwaka 1904, ilitokea hapa kwa meli hadi Kisumu na kupanda reli hadi Mombasa. Reli ilipofika Kampala moja kwa moja mwaka 1931, mzigo mwingi ukaacha maji. Mwaka 1937 bandari ikapata kazi ambayo waanzilishi wake hawakuiota: ndege za Imperial Airways zenye tumbo la mashua, zikitoka Southampton kwenda Durban, zilitua kwenye ghuba ya Murchison. Abiria wa ndege walishukia majini na kuletwa gatini kwa boti. Huduma za namna hiyo ziliendelea hadi mwaka 1950, na Entebbe ikachukua usafiri wa anga.

Miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, meli zenye reli juu ya sitaha. Behewa lilisukumwa likiwa na mzigo wake ndani ya meli Kisumu au Mwanza, likavuka ziwa, likatolewa Port Bell na kuunganishwa na treni; gunia halikuguswa na mkono njiani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa: Uhuru ikawa ya Kenya, Umoja ya Tanzania. Uganda ikaagiza zake tatu kutoka Ubelgiji, zikaanza kazi miaka ya 1980: Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro, na mbili zilizoitwa kwa mizigo yao, Pamba na Kaawa. Mei 2005 Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, na Kabalega ikazama. Gati la mabehewa likapooza kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Umoja ikarejesha safari za mzigo kati ya Mwanza na Port Bell, kisha Uhuru ikarudi kazini ikileta mafuta kutoka Kisumu.

Limebaki swali la mwalimu, maana tangu mwaka 2022 serikali ya Uganda imeamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na mtoto wa Luzira atauliza: hapa petu paitwe nini kwa Kiswahili? Kitabu kitamjibu bandari, neno la Kiajemi, na si kosa. Lakini nyumbani, kwa Kiganda, mtoto huyo husema "omwalo", na akivuka ziwa hadi Mwanza atakuta soko kubwa la samaki la Kirumba likiitwa Mwaloni, na maofisa wa uvuvi wa Tanzania wakiandika mialo katika taarifa zao za kila siku. Ni neno moja kando zote mbili za maji, lilikuwapo Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, alipokuwa na mamia ya mitumbwi, na halikufutika hata ufukwe ulipoondolewa watu. Waandishi wa vitabu vya shule vya Uganda wangefaa kulitia neno mwalo katika somo la kwanza kabisa la usafiri, kando ya bandari, na kulipa uzito sawa: bandari kwa Umoja na mabehewa yake, mwalo kwa mitumbwi, mukene na mputa, samaki ambao mwanafunzi wa Mwanza atawaita dagaa na sangara.